Dhambi Nisiyoijua

“Mchungaji, nitatubuje dhambi nisiyoijua?”

Aliyeuliza alikuwa mvulana wa darasa la kipaimara, umri wake miaka 14, Jumamosi moja asubuhi. Tulikuwa tumefikia sehemu ya Katekisimu Ndogo inayohusu maungamo. Pale Martin Luther anafundisha kwamba mbele za Mungu tunakiri kuwa na hatia ya dhambi zote, hata zile tusizozijua, kama tunavyofanya katika Sala ya Bwana. Lakini mbele ya mchungaji tunaungama zile tu tunazozijua na ambazo mioyo yetu inatushitaki kwazo. Wanafunzi wengi hukariri sehemu hiyo na kupita. Huyu hakupita. Alitaka kujua mtu anawezaje kujutia kitu asichokijua.

Nilimjibu upesi, maana muda ulikuwa umekwisha na mwalimu wa kwaya alikuwa anasubiri chumba. Nilisema, “Mungu anajua yote, mwanangu. Wewe tubu unazozijua, nyingine mwachie Yeye.” Akaliandika jibu kwenye daftari lake. Jibu lenyewe halikuwa na kosa. Lakini lilitoka kwa mtu aliyedhani kwamba dhambi zake zisizojulikana ni chache na ndogo, mambo ya kupitiwa tu hapa na pale. Kabla mwaka haujaisha nilijua kuwa sivyo.

Wapendwa, naomba niwasimulie jinsi nilivyojua, kwa sababu bila habari hiyo mengine nitakayosema yatabaki maneno ya darasani.

Jina lililoniponyoka

Katika usharika niliokuwa nautumikia alikuwapo binti mmoja, mwanakwaya, aliyepata mimba kabla ya ndoa. Kwa utaratibu wetu aliwekwa chini ya nidhamu ya kanisa. Aliacha kuimba, hakuja Mezani pa Bwana, na ubatizo wa mtoto ukasubiri hadi mama yake arudi kundini.

Baada ya kujifungua alikuja ofisini pamoja na mama yake, akaomba kurudi. Baraza la wazee liliona kwamba ametubu, likapendekeza apokewe mapema. Nikasema bado. Nilikuwa na sababu zangu: vijana wanatutazama, tukilegeza kamba wengine watafuata njia hiyo hiyo. Miezi mitatu baadaye wazee wakalileta tena jambo lake; nikasema tusubiri Pasaka ipite. Mara ya tatu nikasema mafundisho yake hayajatosha. Katika kipindi hicho hicho nilimpokea kijana wa kiume mwenye kosa la namna ile ile, na hakusubiri hata miezi miwili. Nawaambia kweli, sikuona tofauti. Kama mtu angeniuliza, ningesema nawatendea wote kwa haki.

Siku ilipofika, mtoto alikuwa ameshaanza kutembea. Binti alipiga magoti mbele ya madhabahu. Nikamwekea mikono kichwani, nikasoma maneno ya kumpokea, na mahali pa kulitaja jina lake nikataja jina jingine. Nilisikia kanisa zima likinyamaza. Nikajisahihisha, ibada ikaendelea.

Baada ya ibada mama mmoja, mzee wa kanisa aliyenizidi umri kwa miaka zaidi ya 20, alinifuata sakristia. Alisubiri nimalize kuvua joho, kisha akasema, “Baba Mchungaji, samahani nikuulize. Yule uliyemtaja pale mbele ni nani?”

“Ni dada yangu, mama.”

“Yuko wapi siku hizi?”

Sikumjibu. Naye hakuuliza tena. Alisema tu, “Pole, mwanangu,” akatoka.

Dada yangu aliondoka nyumbani akiwa na miaka 17, nami nikiwa na miaka 11. Alikuwa mjamzito. Baba yetu alikuwa mwinjilisti, na kwa familia ya mwinjilisti jambo lile lilikuwa aibu kubwa. Baba hakumpiga wala hakumtukana. Aliacha tu kulitaja jina lake, na sisi sote tukajifunza kuacha. Siku anaondoka nilimbebea begi hadi stendi ya basi. Njia nzima nilikuwa nimemkasirikia, kwa kuwa niliona anaibomoa nyumba yetu, na kwa kuwa nilimpenda. Kisha, miaka ilivyopita, nikasahau hata kwamba niliwahi kumkasirikia. Miaka 30 baadaye hasira ile ilikuwa imevaa joho la kichungaji, nami nilikuwa naiita utaratibu wa kanisa.

Daktari wa Vienna

Nilipokuwa chuo cha theolojia tulisoma somo la uchungaji na ushauri, na ndani yake mwalimu alitupitisha haraka kwenye mafundisho ya Sigmund Freud. Nilifaulu mtihani, nikamsahau. Baada ya Jumapili ile nilirudi kumsoma jinsi mgonjwa anavyosoma karatasi iliyo ndani ya boksi la dawa.

Freud alizaliwa mwaka 1856 katika familia ya Kiyahudi huko Moravia, eneo ambalo leo limo katika Jamhuri ya Cheki. Alikulia Vienna, Austria, akawa daktari wa magonjwa ya mishipa ya fahamu. Yeye na daktari mwenzake, Josef Breuer, walikutana na wagonjwa ambao viungo vyao vilikuwa vizima lakini havifanyi kazi: mkono umepooza au sauti imepotea, na mwilini hakuna jeraha lolote. Mwaka 1895 walichapisha kitabu kuhusu wagonjwa hao. Waliona kwamba baadhi yao walibeba kumbukumbu chungu, walizokuwa wamezisukuma mbali hata hawakujua tena kuwa wanazo. Walipopata mtu wa kuwasikiliza, wakasema, hali zao zilianza kubadilika.

Kutoka hapo Freud alijenga mafundisho yanayoitwa uchanganuzi wa nafsi. Kiini chake ni hiki: nafsi ya mtu ni pana kuliko ile sehemu anayoijua. Kuna mambo tumeyasukuma chini kwa sababu yanatuumiza au yanatuaibisha, na tumeyasukuma vizuri kiasi kwamba tumesahau hata kule kusukuma. Lakini kilichosukumwa hakifi. Hurudi kwa mlango wa nyuma: katika ndoto, katika ugonjwa, katika kusahau kusikoeleweka, katika ulimi unaoteleza. Kuhusu mateleziko ya namna hii aliandika kitabu kizima mwaka 1901, akidai kwamba neno linalotuponyoka mara nyingi lina sababu yake. Wazee wetu wanaosema kikulacho ki nguoni mwako hawangemshangaa.

Mwaka 1923 Freud alieleza kwamba nafsi ina pande tatu. Kwa Kijerumani chake alizipa majina ya maneno ya kawaida kabisa, ambayo sisi tungeweza kuyaita Kile, Mimi, na Mimi wa Juu. Kile ni tamaa na hasira zinazotaka kutimizwa sasa hivi, bila saa wala adabu. Mimi wa Juu ni sauti ya wazazi na wakubwa iliyohamia ndani yetu tungali wadogo. Huamuru, hukataza, huaibisha. Katikati yupo Mimi, akihangaika kuishi na hao wawili pamoja na dunia ya nje. Na Freud aliongeza jambo moja lililonifanya nikiweke kitabu mezani. Alisema huyo Mimi wa Juu anaweza kuwa mkatili, na kwamba nguvu ya ukatili wake huipata kule chini, kwenye hasira za Kile.

Siku zote nilidhani ukali wangu unatoka upande wa Mungu. Kumbe sauti iliyosema “bado” mara tatu ilikuwa ya baba yangu, na nguvu iliyoisukuma ilikuwa ya mtoto wa miaka 11.

Je, tumsikilize asiyeamini?

Baadhi yenu mtauliza, na ni haki yenu kuuliza: mchungaji anatafuta nini kwa Freud? Mtu huyu hakuamini. Mwaka 1927 alitoa kitabu akisema dini ni njozi, yaani hamu ya mtoto kutaka baba wa kumlinda, iliyopandishwa mbinguni. Sisi tunaoungama Imani ya Mitume hatuwezi kumfuata huko. Tena si waamini pekee wanaompinga. Mwanafalsafa Karl Popper alisema kwamba fundisho linaloweza kueleza kila tokeo, hata matokeo yanayopingana, haliwezi kupimwa kama sayansi inavyopimwa. Mengi aliyoyasema kuhusu wanawake na kuhusu watoto wadogo wataalamu wa leo wameyaacha.

Lakini huyu asiyeamini alikuwa na rafiki mchungaji. Oskar Pfister alikuwa mchungaji wa Kanisa la Reformed mjini Zürich, Uswisi. Alianza kuandikiana barua na Freud mwaka 1909, na urafiki wao ulidumu hadi Freud alipofariki London mwaka 1939, akiwa amekimbia Vienna mwaka mmoja kabla kwa sababu ya Wanazi. Pfister aliitumia elimu ile katika kuwahudumia washarika wake. Freud alipoishambulia dini, Pfister alimjibu kwa maandishi mwaka 1928, waziwazi, na urafiki haukuvunjika. Nimejifunza kwake kwamba mtu anaweza kupokea taa kutoka kwa jirani bila kukubali kila kitu kilichomo nyumbani kwa jirani huyo.

Tena taa yenyewe haikuwa ngeni kwetu. Nabii Yeremia, katika sura ya 17, alikwisha kusema kwamba moyo ni mdanganyifu kuliko vitu vyote, akauliza ni nani awezaye kuujua. Mtunga Zaburi ya 19 alimwomba Mungu amsafishe na makosa yaliyofichika, maana aliona hakuna mtu anayeweza kuyatambua yote. Luther, alipofundisha Waraka kwa Warumi miaka ya 1515 na 1516, alimweleza mwanadamu kuwa kiumbe aliyejikunja kuelekea ndani yake mwenyewe, hata vitu vyema anavitafuta kwa ajili yake, na Mungu pia. Kwa hiyo Freud anaposema mtu hana amri kamili ndani ya nyumba yake mwenyewe, Mlutheri hana haja ya kushituka. Alifundishwa hayo kabla ya kipaimara. Ila pengine, kama mimi, aliyakariri bila kuyaamini kwa habari zake mwenyewe.

Sasa swali la yule mvulana linarudi likiwa na uzito. Kama sehemu kubwa ya nafsi yangu siijui, je, nina hatia ya yanayotoka huko? Na kama ninayo, nifanye nini? Naona tunaweza kukosea kwa njia tatu.

Shetani alinipitia

Njia ya kwanza ni kujitetea. Mtu aliyesoma atasema: si mimi, ni malezi yangu, ni baba yangu, ni mambo ya utotoni. Asiyesoma atasema kwa maneno yetu ya kila siku: shetani alinipitia. Maneno ni tofauti, kazi yake ni moja. Yote mawili yanamtoa mwenye kosa nje ya chumba na kumwacha mwingine ndani.

Nilitegemea kwamba Freud angekuwa upande wa utetezi huo. Hakuwa. Mwaka 1925 aliandika makala fupi akiuliza kama mtu anawajibika kwa uovu anaouona katika ndoto zake. Jibu lake ni kwamba anawajibika. Kama ndoto haikuletwa na pepo kutoka nje, alisema, basi ni sehemu ya mwenye kuiota. Na hata nikisema kwamba kilichofichika ndani yangu si mimi, bado nitaona kwamba kinatenda kazi kupitia mimi.

Nilipoisoma hoja hiyo nilimkumbuka yule mtoto aliyechelewa kubatizwa. Aliyemchelewesha hakuwa baba yangu, maana baba yangu alikuwa amekwisha kufariki. Hakuwa mtoto wa miaka 11, maana mtoto hana muhuri wa usharika. Nilikuwa mimi. Kwamba sikujua kunaeleza jinsi ilivyotokea, wala hakuufuti mwaka ule katika maisha ya binti yule. Mwenye gari ambalo breki zake ni mbovu, akimgonga mtu, hasemi hakuna aliyegongwa kwa kuwa hakujua habari za breki.

Kuchimba bila kikomo

Njia ya pili ni kinyume cha ile ya kwanza. Mtu akiisha kugundua kwamba ndani yake kuna vyumba asivyovijua, anaweza kuanza kuchimba usiku na mchana, akitaka kufukua kila kitu ndipo apate amani. Njia hiyo sisi Walutheri tunaijua vizuri, kwa kuwa baba yetu wa imani aliipita.

Tarehe 2 Julai 1505 Luther alikutwa na radi karibu na Stotternheim, akaweka nadhiri kuwa mtawa. Baba yake, Hans, aliyetaka kijana wake awe mwanasheria, alikasirika sana. Katika monasteri Luther aliungama kwa saa nyingi, akitafuta dhambi ndogondogo moja baada ya nyingine, hata mlezi wake, Johann von Staupitz, akachoka kumsikiliza. Kila alipoondoka kwenye maungamo alikumbuka nyingine. Mwaka 1958 Erik Erikson, aliyefuata elimu ya Freud, aliandika kitabu kizima kuhusu ujana wa Luther, akiyaeleza mahangaiko yale kwa habari za Luther na baba yake. Wanahistoria wamembishia mengi. Lakini hakuna anayebisha kwamba kwa miaka mingi Luther alimwogopa Mungu kama hakimu asiyeridhika.

Kilichomtoa humo hakikuwa kumaliza orodha. Orodha haina mwisho. Kilichomtoa ni kujua kwamba msamaha hautegemei orodha. Ndiyo maana Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 11, linashika mambo mawili pamoja: maungamo ya faragha yaendelee kuwapo kanisani, lakini si lazima mtu ataje kila dhambi, kwa sababu haiwezekani. Na wanaoliandika wanaielekeza hoja yao kwenye Zaburi ile ile ya 19.

Wapendwa, tazameni uzito wa kifungu hicho. Damu ya Kristo imekwisha kufika katika vyumba ambavyo mimi mwenyewe sijavifungua. Hainisubiri nivipate kwanza. Hivyo ninapokiri kuwa na hatia hata ya nisiyoyajua, sikiri gizani nikiwa na hofu. Nakiri mbele ya Yeye ayajuaye tayari, na ambaye, akiyajua, alinibatiza.

Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wengi wetu hatujitazami. Mtu ambaye hana hakika ya kusamehewa hawezi kuuona uovu wake. Ataufunika, maana akiuona ataangamia. Freud aliliona jambo hili kwa sehemu. Katika chumba chake, nyumba namba 19 mtaa wa Berggasse, mgonjwa alilala kwenye kochi, daktari akakaa nyuma yake, na mgonjwa aliambiwa aseme lolote linalomjia bila kuchagua. Watu walisema yale ambayo hawakuwahi kuyasema, kwa sababu aliyesikiliza hakuhukumu. Lakini msikilizaji yule hakuwa na neno la kuwaondolea dhambi. Kumwelewa mtu kunasaidia sana, lakini si kumsamehe. Kanisa limepewa neno hilo. Aibu yetu ni kwamba mara nyingi tunalo neno la msamaha lakini hatuna sikio la kusikiliza.

Kuwachungulia wengine

Njia ya tatu ndiyo iliyo hatari zaidi kwa wachungaji na wazee wa kanisa. Ni kuijua elimu hii na kuitumia kwa wengine. Carl Gustav Jung, ambaye kwanza alikuwa pamoja na Freud kisha wakaachana, na ambaye baba yake alikuwa mchungaji, alifundisha kwamba kila mtu ana kivuli: upande wake asiotaka kuukubali. Na kwa kuwa hataki kuuona kwake, huuona kwa jirani, akamchukia jirani kwa ajili yake. Waswahili walikwisha kusema: nyani haoni kundule, huona la mwenziwe. Bwana Yesu alisema juu ya kibanzi na boriti.

Lakini mfano unaonitetemesha ni wa mfalme Daudi, katika 2 Samweli sura ya 12. Nathani anamsimulia habari za tajiri aliyemnyang’anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Daudi anawaka hasira, anasema mtu huyo astahili kufa. Hajui kwamba anajihukumu mwenyewe. Hasira ile ilikuwa ya kweli na hukumu ilikuwa ya haki, ila ilikosa anwani. Laiti Nathani asingekuwapo, Daudi angelala usiku ule akijiona mfalme mwenye haki. Nathani wangu alikuwa mama mmoja aliyeuliza maswali mawili sakristia.

Jung huyo alipita katika nchi zetu. Mwaka 1925 alishuka Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, kisha akaenda Mlima Elgon, akakaa na watu wa huko akiwauliza habari za ndoto. Anasimulia kwamba mganga mmoja mzee alimwambia zamani ndoto ziliwaonya juu ya vita, magonjwa na mvua. Tangu Waingereza waje, ndoto hizo hazikuja tena. Hazikuhitajika, kwa kuwa Bwana DC alijua kila kitu.

Sisemi kwamba ndoto za waganga ziturudie. Lakini mzee yule alisema jambo linalotuhusu. Mtu anaweza kuiacha kazi ya kuujua moyo wake kwa sababu amempata mwenye mamlaka wa kumjulia. Nimewaona washarika wakinitendea hivyo: Baba Mchungaji atasema kama nimekosa, Baba Mchungaji atasema kama nimetubu. Nami nilipenda kuwa DC wa mioyo ya watu. Nilijua toba ya binti yule haijatosha. Moyo wangu mwenyewe haukuwa na mtu wa kuukagua.

Kwa hiyo, wapendwa, nawasihi tusiitumie elimu hii kuwafungua wengine. Tuianzie nyumbani. Katika baraza la wazee siku hizi, kabla ya kuamua jambo la mtu, kila mmoja wetu hukaa kimya na kujiuliza maswali matatu. Je, hasira yangu imezidi ukubwa wa kosa? Je, ningesema hivi hivi kama aliyekosa angekuwa mtoto wa mtu mwingine, au mwanamume badala ya mwanamke? Je, jambo hili linanikumbusha nini? Mara mbili tangu tuanze, mzee mmoja ameomba asishiriki katika uamuzi. Hatukumuuliza sababu.

Na kama mtu anabeba jambo zito kuliko maswali hayo, jambo linalomnyima usingizi au kumrudisha kila siku mahali pa zamani palipomuumiza, asione aibu kumwona mshauri aliyesomea kazi hiyo, au daktari. Kwenda huko si kupungukiwa na imani, kama vile kufungwa mfupa uliovunjika si kupungukiwa na imani.

Nilichomwambia yule kijana

Nilikwenda nyumbani kwa binti yule. Nilimwomba msamaha mbele ya wazazi wake, nikaeleza kwa nini, pamoja na habari za dada yangu. Mama yake alilia. Binti hakulia. Aliniangalia akasema, “Mchungaji, mimi nilijua kuna kitu. Ulikuwa ukiongea nami huniangalii.”

Yeye alijua, nami sikujua. Nadhani hivyo ndivyo ilivyo mara nyingi: dhambi nisiyoijua mimi, jirani yangu anaijua, kwa sababu ndiye inayemwangukia. Nilimuuliza kama amenisamehe. Alisema atajaribu. Hakurudi kwenye kwaya kwa muda mrefu, na sikumhimiza.

Mwezi uliofuata niliipata namba ya simu ya dada yangu kupitia kwa shangazi. Nilipojitambulisha alinyamaza, halafu akaliita jina langu la utotoni. Hatukuzungumza mambo makubwa. Aliniuliza kama mwembe wa nyuma ya nyumba bado upo.

Darasa lile la kipaimara lilipokaribia kumaliza, nilimwita mvulana wangu, nikamwambia kwamba nilikuwa nimemjibu haraka mno na kwamba jibu lake lilipungua. Akafungua daftari. Nilimwambia: dhambi usiyoijua huwezi kuitubu moja kwa moja. Lakini unaweza kumwomba Mungu akuonyeshe, na Mungu akikuonyesha kwa kinywa cha mtu, usimkasirikie mtu huyo. Ikishaonekana, usiseme si yangu. Na ile ambayo hutaiona hadi siku ya kufa, imekwisha kusamehewa pamoja na nyingine, kwa hiyo usiogope kutazama.

Aliandika yote. Kisha akauliza, “Na wewe, Mchungaji, umewahi kuonyeshwa?”

“Ndiyo,” nikasema. “Mwaka huu.”